Uzoefu wangu na boti ya Siyu: nauli ya Siyu, kushushwa Mtangawanda

Nyota moja, na hiyo ni ya nahodha peke yake.

Boti ina ukubwa gani na injini gani, mtu aende gatini Lamu akaitazame mwenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni alivyofanyiwa shangazi yangu kabla ya Ramadhani. Alikuwa ametoka kliniki hospitali ya King Fahad pale Lamu, mguu umemvimba, ana kikapu na gunia la unga. Tiketi zetu ni za Siyu, kijijini kwetu kisiwa cha Pate, na nauli tumelipa mapema, kabla hata hatujakaa.

Ilikuwa siku ya bamvua. Kwa asiyezoea huku kwetu: bamvua ni siku za maji makubwa, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, na maji hujaa mwendo wa saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na saa 4 asubuhi yamekauka. Boti za Faza na Kizingitini, vijiji vingine vya Pate, hazina shida sana, maana Mtangawanda, gati lao la njiani kisiwani humo, kuna kina, watu hushuka na kupanda wapendavyo. Siyu hapana. Siyu unaingia kwa mkono mwembamba wa bahari, mikoko huku na huku, na maji yakishakupwa hubaki matope matupu. Kwa hiyo boti ya Siyu ni lazima iondoke mapema iyawahi maji. Hilo mtoto wa madrasa analijua.

Tuliambiwa saa 8 mchana. Saa 8 ikafika, tumekaa. Saa 9, tumekaa. Wanangoja abiria wa Faza wajae. Shangazi akamwita yule kijana anayekusanya nauli, kwa upole kabisa: "Mwanangu, maji yatatuacha. Twaondoka saa ngapi?"

Hakuinua hata uso kwenye simu. "Bi mkubwa, Siyu twawapeleka kwa hisani tu. Nyinyi hata watu wanne hamfiki."

Boti nzima ikasikia. Na noti zetu bado zimekunjwa katikati ya vidole vyake! Hisani gani hiyo inayolipiwa? Mwanamke wa umri wa kumzaa mama yake, hata samahani hakumpa. Shangazi alinyamaza, akavuta buibui usoni, na hakusema neno tena mpaka tumeshapita mlango wa bahari wa Mkanda.

Tuliondoka karibu saa 11. Tulipofika Mtangawanda jua limeshazama na maji yanarudi mbio. Kijana akapiga kelele, "Wa Siyu shukeni hapa." Nauli hakurudisha hata shilingi. Gunia la unga nililoomba liwekwe juu walikuwa wamelitia chini, likalowana maji ya ngama yanayotuama chini ya boti, upande mmoja umeshakuwa donge. Nikatafuta bodaboda mbili gizani, moja ya shangazi na moja ya mzigo, na njia yote mpaka Siyu mama wa watu anaugulia mguu kila tukiruka shimo.

Usiku ule niliapa njia hii ifutwe kabisa. Na wako wengi kijijini wenye maneno hayo. Barazani kila jioni ni mjadala huo huo: tudai boti yetu wenyewe, mkono uchimbwe na gati litengenezwe, au tuseme basi, pesa ziende kwenye barabara ya Mtangawanda kwa sababu abiria wa Siyu ni wachache? Hoja ya barabara si ya kupuuza. Kijana mwenye begi moja mgongoni, bodaboda inamtosha, na haingoji maji.

Lakini mgonjwa je? Mama mjamzito je? Fundi wa makubadhi anayepeleka mzigo wa viatu Lamu, na mwenye mabati na saruji, wote wapakie na kupakua mara mbili? Boti ikiingia na maji inakuteremsha karibu na ngome, unabeba chako unakwenda nyumbani. Nimeshasafiri hivyo na huyu huyu nahodha, siku alipoachiwa aondoke kwa wakati, na sikuona safari nzuri kuliko ile. Anaujua mkono ule kama kiganja chake, anapunguza injini kwenye kila kona, na wazee anawashika mkono yeye mwenyewe.

Ndiyo maana neno langu la kufuta nalirudisha. Wanaotuhesabu wanatuhesabu ndani ya boti mbovu. Boti isiyoondoka kwa saa yake nani ataipanda? Watu wameihama, wamehamia Mtangawanda, kisha tunaambiwa Siyu haina abiria. Hiyo ni hesabu ya dhuluma.

Wala sidai makubwa kwa kuanzia. Kuchimba mkono ni gharama, nakubali, na sina hakika kwamba lazima uchimbwe kesho. Nadai ratiba. Maji hayafichi siri: kila siku hujaa kama dakika 50 baada ya jana yake, na majedwali ya maji hutolewa mwaka mzima mbele. Kaeni na nahodha, andikeni saa za kuondoka za mwezi mzima, bandikeni pale gatini. Siku ambazo maji hayaturuhusu semeni wazi hakuna boti, watu wajipange na Mtangawanda. Saa ikifika, ng'oeni nanga hata kama ni watu watatu. Fanyeni hivyo miezi michache, ndipo mtuhesabu.

Nyota naongeza moja, ziwe mbili, kwa ajili ya njia yenyewe. Yule kijana hana nyota kwangu mpaka amwombe shangazi radhi, mbele ya watu, kama alivyomvunjia heshima mbele ya watu. Na nauli silipi tena Lamu. Nitalipa nikishaiona ngome ya Siyu kwa macho yangu, asiyetaka aniache gatini.