Utupa au mbarika: kipi cha kumzuia fuko bustanini?

Kwenye mchanga laini wa Mtwara na Lindi, fuko hula mhogo kwa chini. Juu majani mabichi. Ukivuta shina, linatoka na kipande kilichotafunwa. Mimea hii miwili inaweza kumpunguza, haimmalizi.

Utupa: loweka mbegu usiku mmoja, panda mvua zinapoanza Desemba, mbili kila shimo, kina cha sentimita 2, nusu mita kati ya mashimo, kuzunguka bustani nzima. Ukiacha pengo, fuko atapita hapohapo. Msimu wa kwanza usitarajie makubwa, mizizi bado haijashikana. Kwa kuwa ni jamii ya kunde, hurutubisha udongo, na matawi yaliyopogolewa hufaa kwa matandazo. Ila ni sumu kwa samaki: usipande kando ya bwawa.

Mbarika hukua upesi, na mita moja kati ya miche inatosha. Tatizo ni mbegu: matunda yakikauka hupasuka na kuzirusha, na chache tu zikitafunwa zaweza kumuua mtoto. Kata vichala vikiwa vibichi. Nyumba yenye watoto, chukua utupa bila kusita.

Fuko aliyekwisha kuingia ndani ya mzunguko, mimea yote miwili itamfungia humo. Fukua njia zake kwanza.