Kupanda leveli au kupigana? Gemu nne kwenye mizani moja

Karibuni, wapenzi wa gemu. Leo sichambui gemu moja, ninachambua nne kwa mpigo: World of Warcraft, Old School RuneScape, EVE Online na Guild Wars 2. Zote ni za mtandaoni, zote ni za kukuza mhusika wako kidogo kidogo, na zote zimekula chumvi nyingi. Pia zote zina ugonjwa mmoja, ila kila moja inajitibu kwa dawa yake. Unaanza mnyonge, unasota, unapanda leveli, halafu anatokea mtu aliyeanza kusota kabla yako, anakulaza chini kwa mapigo mawili na kuondoka na safari yake.

Swali ninaloletewa sana ni hili: gemu gani inapandisha leveli haraka? Swali zuri, ila ni nusu ya hesabu. Kama kazi yako ni kuua mazimwi na kufuata hadithi, kasi ya kupanda ni suala la subira yako tu. Zimwi halikuoni mdogo. Lakini kama unataka kupigana na watu, yaani PvP, uliza na hili: leveli moja ina uzito gani siku ya kupigana? Kuna gemu itakupandisha kwa mwendo wa kobe na bado ukawa na kazi ya maana vitani tangu mwanzo. Nyingine itakupandisha upesi, na bado ukawa kitoweo cha wakubwa mpaka uguse kilele. Kwa hiyo leo sipimi michoro wala muziki. Napima pengo.

Tuanze na World of Warcraft, maana wengi mnaijua na sitakaa nayo sana. Ilitoka Novemba 2004, kilele kikiwa leveli 60, na ilikuwa na seva maalumu za PvP. Kwenye seva hizo kulikuwa na msitu unaitwa Stranglethorn Vale, ambao kazi zake zilikuwa za watu wa leveli ya 30 hadi 40 na kitu. Wachezaji wamegawanyika pande mbili zinazopigana, na zote mbili zinatumwa humohumo. Sasa wewe una leveli 34, unawinda chui wako kwa amani, anakuja mtu wa 60. Hapo pengo si suala la nguvu tu: mapigo yako yanamkosa, uchawi wako unapanguka. Hujashindwa kwa sababu hujui kupigana, umeshindwa kwa sababu namba imekataa. Kisha anakalia maiti yako, wewe unatoka makaburini ukiwa mzuka, unarudi kuufuata mwili, unamkuta palepale. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, lakini huyu humpishi, amekaa juu ya mwili wako.

Mwaka 2005 watengenezaji waliweka mfumo wa heshima, unaokulipa kwa kuua wachezaji wa upande wa pili, na kumuua mtu aliye chini mno kuliko wewe hakukupi kitu. Watu waliendelea kuua bila malipo. Niwaambie ukweli, kuna mchezaji ambaye malipo yake ni wewe kukasirika.

Dawa yao kubwa ilikuja 2018: seva za PvP zikaondolewa, ikawekwa swichi inayoitwa War Mode. Unaiwasha ukiwa mji mkuu, unakubali kushambuliwa, na unalipwa asilimia 10 zaidi ya XP, zile pointi za uzoefu zinazokupandisha leveli. Mimi naipenda hesabu hiyo kwa sababu iko wazi. Hatari imewekewa bei, na inalipwa kwa kasi ya kupanda. Tatizo ni kwamba upande wenu ukiwa wachache, asilimia 10 haitoshi kufidia muda unaoutumia ukiwa mzuka. Wenyewe waliliona hilo, wakaongeza bonasi kwa upande uliozidiwa. Mwaka 2020 wakaibana ngazi nzima, leveli 120 zikarudi kuwa 50, na kilele kipya kikawa 60. Kwa anayependa kupanda, hapa ndipo penye mteremko. Kwa mpiganaji, mapigano ya maana yako kileleni, kwa hiyo huku chini kote ni njia ya kupita tu.

Isipokuwa kwa kundi moja. Viwanja vya vita vya gemu hii vinapanga watu kwa mafungu ya leveli, kwa mfano 10 hadi 19. Wapo waliokwama 19 kwa makusudi, wakajivika silaha bora kabisa zinazokubalika kwa leveli hiyo, wakakaa hapo kuwachapa wageni wa leveli 11. Ilipofika 2009 gemu ilianza kutoa XP kwa kupigana viwanjani, na hapohapo ikaleta huduma ya kufunga XP yako isipande tena. Ukiifunga, unapangwa na waliofunga wenzako. Yaani mtu analipa dhahabu ili asipande leveli! Mkilielewa hilo, tumefika nilipotaka tufike.

Old School RuneScape. Ilifunguliwa Februari 2013 kutokana na nakala ya RuneScape ya Agosti 2007, na mwezi huo una maana kubwa kwa wapiganaji. Desemba 2007 kampuni ya Jagex iliondoa mapigano huru katika Wilderness, lile eneo la kaskazini lisilo na sheria, ikipambana na wauzaji wa dhahabu kwa pesa halisi waliokuwa wakipitishia mali huko. Kwenye gemu ile hayakurudi mpaka Februari 2011. Nakala ya Agosti ni ya kabla ya mkasi kupita, kwa hiyo Wilderness imo na meno yake yote.

Kusota kwake kunatisha. Stadi moja inafika 99 kwa XP 13,034,431, na ukifika 92 ndiyo kwanza umefika nusu ya safari. Sijakosea, nusu ni 92. Ukisikia hivyo unasema hapa mgeni hana chake, mkongwe atamtafuna. Lakini tazameni Wilderness ilivyojengwa. Kila unavyopanda kaskazini, namba kwenye skrini inaongezeka, na namba hiyo ndiyo pengo linaloruhusiwa. Leveli yako ya mapigano ikiwa 80 na umesimama Wilderness ya 5, wanaoweza kukugusa ni wa 75 hadi 85 tu. Ukizama mpaka 30, mtu wa 110 ana ruhusa kamili ya kukuua. Hatari unajichagulia mwenyewe kwa hatua za miguu. Hakuna swichi, hakuna seva maalumu, ni kutembea tu. Katika gemu zote nne, huu ndio ufundi ninaouvulia kofia.

Na ukifa inauma. Kwa kawaida unabaki na vitu vyako vitatu vya thamani kuliko vingine, vilivyobaki ni nyara za aliyekuua. Ukiwa wewe ndiye uliyemchokoza mtu, unawekewa fuvu juu ya kichwa, na hata hivyo vitatu huna haki navyo.

Sasa njooni kwenye utamu wenyewe. Leveli ya mapigano ni hesabu inayotoka kwenye stadi zako. Kila pointi ya Defence, ile ya kujihami, inaongeza robo. Kila pointi ya Attack (kushambulia) au Strength (nguvu ya pigo) inaongeza 0.325. Mjanja akaiangalia hesabu hiyo akajiuliza: kwa nini nilipie robo ya kujihami wakati naweza kuua kabla sijahitaji kujihami? Akaiacha Defence yake kwenye 1. Huyo ndiye wanayemwita pure. Chukueni mtu mwenye Attack 60, Strength 99 na Defence 1. Hesabu inamweka kwenye sabini na kitu. Mchezaji wa kawaida wa sabini na kitu ana stadi zote kwenye sitini hivi. Namba zao juu ya kichwa zinafanana, Wilderness inawaruhusu wapigane, lakini mmoja ana ngumi ya mtu aliyemaliza gemu na mwingine ana ngumi ya aliye katikati ya njia. Pure akipigwa vizuri anakwisha haraka, kwa sababu hana deraya ya maana. Kwa hiyo anahitaji kumaliza mambo upesi, na mara nyingi anayamaliza.

Nidhamu yao inachekesha. Kazi maarufu ya Dragon Slayer, ukiimaliza unapewa XP 18,650 za Defence, utake usitake, na hizo peke yake zinakutoa 1 mpaka 33. Mchezaji wa kawaida anaifanya huku anaimba. Pure anaikimbia kama ukoma. Kwao XP inaweza kuwa adhabu, na anayepanda bila mpango ndiye anayeharibu mhusika wake. Kwa hiyo mnaponiuliza gemu gani inapandisha haraka, hapa kuna watu ambao ustadi wao wote ni kujua wapi wasipande.

Dosari ipo. Mgeni haambiwi lolote kati ya haya. Anaingia Wilderness akiona namba sawa, anadhani amekutana na mwenzake. Kwa kweli gemu inamdanganya kwa namba ya kweli.

EVE Online ni dunia nyingine, ya meli za angani. Imekuwepo tangu 2003, na mhusika hana leveli kabisa. Kuna stadi, kila moja ina ngazi tano, na zinajikusanyia pointi zenyewe kwa saa za ukutani, uwe umeingia au umelala. Kuua meli elfu hakukuharakishii kitu. Wengi wakisikia hivyo wanafunga ukurasa: kama mtu amenitangulia miaka kumi, nitamfikia lini? Kwa jumla ya pointi, bila kununua, humfikii. Lakini tufanye hesabu. Stadi nyepesi kabisa inahitaji pointi 250 kufika ngazi ya kwanza, 1,415 ya pili, 8,000 ya tatu, 45,255 ya nne na 256,000 ya tano. Kila ngazi inaongeza faida ileile. Ukifika ya nne una asilimia 80 ya faida yote, na umetumia chini ya moja ya tano ya pointi. Mkongwe amelipa zile nyingine zote kwa ajili ya asilimia 20 za mwisho.

Halafu, mkongwe anajua kurusha meli za kila aina, lakini vitani anakaa kwenye moja. Stadi zake za kuchimba madini hazimsaidii akiwa kwenye frigeti, ile meli ndogo ya vita. Mgeni aliyejifunga kwenye frigeti hiyohiyo hayuko mbali naye. Na kazi muhimu kuliko zote katika kundi ni kumkamata adui asikimbie: frigeti moja ya bei nafuu yenye kifaa cha kuzuia kuruka inaweza kulishikilia limeli kubwa mpaka wenzako wafike. Utalipuka, ndiyo, na meli ikilipuka imekwenda. Lakini limeli nalo limekwenda. Hakuna gemu nyingine kati ya hizi inayompa mgeni kazi ya maana namna hiyo.

Mwaka 2016 waliruhusu stadi ziuzwe kwa sindano, yaani wachezaji wanauziana pointi. Mwenye pointi chini ya milioni 5 anapata 500,000 kwa sindano moja, aliyepita milioni 80 anapata 150,000. Sizipendi sindano zenyewe, ila napenda jinsi zinavyombana mkubwa.

Guild Wars 2 nitaimaliza kwa maneno machache, kwa sababu yenyewe imelimaliza tatizo kwa maneno machache. Ilitoka 2012, kilele leveli 80. Ukiingia uwanja wa PvP, kila mtu anakuwa 80 na silaha za uwezo uleule. Leveli yako inabaki mlangoni. Na ukicheza PvP unapata vitabu vya maarifa, kila kimoja kinampandisha mhusika wako leveli moja huko nje, kwa hiyo unaweza kufika kileleni bila kusumbua wanyama wa watu. Toleo la msingi ni la bure tangu 2015. Kwa mtu mwenye saa moja jioni, hii ndiyo ya kuchukua. Kinachonikera ni kwamba hakuna cha kupoteza. Ukifa kwenye uwanja ule hujapungukiwa na chochote, na mimi mtu wa Wilderness moyo haunidundi.

Kuhusu kununua leveli, maana najua mtauliza. World of Warcraft walianza mwaka 2014 kuuza mruko wa moja kwa moja hadi leveli 90 kwa dola 60. Kwa mtu mwenye wahusika wengine sina neno. Kwa mgeni anayetaka PvP, unanunua vitufe thelathini usivyojua kazi yake na kwenda kusimama mbele ya mtu ambaye vidole vyake vinavijua vyote. Hizo leveli za njiani ndizo zinazokufundisha kitufe kimoja baada ya kingine.

Mkiniuliza mimi, nafasi ya kwanza naipa Old School RuneScape, EVE inaifuata kwa karibu sana, Guild Wars 2 ni ya kila mtu, na World of Warcraft ni ya anayependa safari kuliko ugomvi. Kwa mnaokwenda RuneScape leo usiku: kabla hujampiga kuku wa kwanza, fungua dirisha la mitindo ya kupigana. Panga la simita lina mitindo minne. Mmoja unapeleka XP kwenye Attack, mmoja kwenye Strength, mmoja kwenye Defence, na mmoja, ambao ndio mtego, unagawa kwa zote tatu. Kama unafikiria kuwa pure, huo wa mgawo na ule wa Defence usiviguse hata kwa bahati mbaya.

Maswali yaandikeni hapo chini. Ya EVE nitayatengea video yake, maana yale yana mambo.