Kasha la Mwaloni Mbele ya Panya wa Darini

Nilinunua kasha hili la mtumba mjini Mtwara kwa shilingi 180,000, kwa ajili ya kuhifadhia korosho zilizobanguliwa na unga wa muhogo, baada ya muuzaji kunihakikishia kwamba mbao za mwaloni hazitafunwi na panya. Nimelitumia kwa miezi minane, msimu wa mvua ukiwamo, na kauli yake nimeiona kuwa kweli kwa sehemu tu.

Kwamba ni mwaloni sina shaka, kwani fundi aliporanda kipande cha chini yalijitokeza mabaka yanayong'aa kama magamba ya samaki, ambayo kwenye mninga sijawahi kuyaona. Sisi wa Kusini tuliozoea mpingo, mti unaozama majini, ni rahisi kuudharau mwaloni, ambao ukikauka huelea. Hata hivyo, mbao zake za unene wa sentimita 2 zimemshinda panya wa darini, Rattus rattus, mnyama ambaye meno yake ya mbele hukua maisha yake yote na hujinoa yenyewe, kwa kuwa upande wake wa mbele ni mgumu na hulika polepole kuliko wa nyuma. Nilichokuta kwenye mbao ni mikwaruzo mitatu, basi.

Lakini panya hana haja ya kushindana na ubao mnene wakati upo mwanya. Mgongo wa kasha ni plaiwudi nyembamba, jambo ambalo muuzaji hakulitaja, nami kwa uzembe wangu sikuligeuza kasha nikalitazama. Katika juma la pili kona ya chini ilikuwa imekwisha kutobolewa, na kilo 3 hivi za korosho zikaharibika. Muuzaji alinishauri nitege mtego. Ushauri dhaifu, kwa kuwa panya jike hubeba mimba kwa takriban majuma matatu tu, na mtego hauwezi kwenda na mwendo huo. Niliziba tundu kwa bati.

Tatizo jingine ni misumari. Mwaloni una tanini nyingi, yaani kemikali ya asili iliyomo mtini, nayo ikikutana na chuma penye unyevu hutoa madoa meusi. Kwa hewa yetu ya baharini, kila msumari sasa umezungukwa na doa. Skrubu za shaba zingeepusha hilo.

Kama mgongo nao ungekuwa wa mbao, bei ile ningeilipa tena bila kubishana. Kwa lilivyo, nisingezidisha shilingi 120,000, ili zibaki za bati na za fundi.