Mbao za paini zilizotiwa dawa kwa kenchi, Dar es Salaam: nyota 4 kati ya 5

Nimezitumia kwenye kenchi (fremu za paa) na papi (mbao za kupigilia bati) za nyumba ya vyumba vitatu Mbagala: mbao za dawa kutoka Mafinga, "2 kwa 4" za futi 12. Ningezinunua tena, lakini baada ya kuzikagua mwenyewe.

Faida yake kwa mazingira inapimika. Karibu nusu ya uzito wa mbao kavu ni kaboni ambayo mti uliivuta kutoka hewani. "2 kwa 4" ukiiwekea rula mara nyingi unakuta inchi 1¾ kwa 3¾, kwa hiyo kipande cha futi 12 kina kama kilo 7 za mbao kavu, sawa na kilo 12 hadi 13 za hewa ukaa (kaboni pamoja na oksijeni yake) zilizofungiwa darini. Vipande 200 ni tani 2 na nusu. Chuma cha tanuru la makaa ya mawe, kwa upande wake, huachia angani takribani tani 2 za hewa ukaa kwa kila tani inayotoka kiwandani. Wanaolalamikia dizeli ya lori wanakuza jambo dogo: kutoka Mafinga ni zaidi ya kilomita 500, na hata lori likipanda tupu, kila tani ya mbao inabeba deni la kilo 50 hivi tu za hewa ukaa. Paini ya Sao Hill, shamba la miti la serikali huko Mafinga, huvunwa ikiwa na miaka 18 hadi 25, kisha eneo linapandwa upya. Mninga wa msitu wa asili hauna mwendo huo.

Hesabu hiyo inasimama paa likidumu. Kenchi ikiliwa na mchwa mwaka wa 6, kaboni inarudi hewani na mti mwingine unaangushwa.

Ndiyo maana ukaguzi wa dawa una uzito kuliko bei. Ukijani wa juu haukuthibitishii kitu, maana hata mbao iliyochovywa kwenye pipa huwa ya kijani. Dawa inayofaa husukumwa ndani kwa presha kwenye mtungi, baada ya hewa kunyonywa kwanza. Omba kipande kimoja kikatwe nusu mita kutoka kwenye ncha, si nchani, kwa sababu ncha hunywa dawa hata kwa kuchovya. Rangi iwe imeenea sehemu yote nyeupe. Kiini cha mti hakipokei dawa, hivyo mbao iliyopasuliwa katikati ya gogo ni dhaifu hata kama ilipita mtungini kihalali. Hizo ndizo nilizozirudisha.

Kasoro kubwa ya pili ni unyevu. Mbao iliyotoka kwenye dawa imelowa, wakati kwa hewa ya Dar hutulia kwenye asilimia 14 hadi 16. Ukiipigilia mbichi, husinyaa ikiwa juu: maungio yanalegea, papi zinapinda, matundu ya misumari kwenye bati yanapanuka na paa linavuja. Zipange kivulini juu ya matofali, weka vijiti vya kutenganisha kila sentimita 60, vikae mstari mmoja wima, na uzito juu. Kwa unene huu subiri miezi miwili hivi. Kujua zimekauka, pima kipande kimoja kila wiki kwenye mizani. Uzito ukiacha kushuka, ziko tayari.

Fundi akikata, anafungua mlango usio na dawa. Kila mkato upakwe dawa ya mbao mara mbili kabla ya kupandishwa, na hapa usimwachie fundi peke yake, maana kazi hii hairukwi kwa ubaya, inasahaulika tu. Tumia misumari ya zinki. Shaba iliyomo kwenye dawa huila ile ya kawaida, na unyevu wa pwani unaongeza kasi. Chini ya mbao inayolala juu ya ukuta weka nailoni nzito, na tofali za mwisho zenye matundu zijazwe zege, kwani mchwa hupandia humo.

Nyota niliyoikata ni ya mabaki. Dawa hii huwa na aseniki pamoja na kromi na shaba, na vipande vyake havifai kupikia kabisa, moshi na majivu yake ni sumu. Maranda yake yasiende kwenye banda la kuku. Muuzaji hakunieleza lolote kuhusu hilo, na mama lishe wa jirani alikuwa ameshauliza kama anaweza kuvichukua. Vipande virefu nilivitumia kukazia kenchi. Vifupi bado viko kwenye gunia.