Fito za kuzibulia bomba la nje: tathmini ya kifaa baada ya matumizi ya muda mrefu

Bomba la maji machafu lililoko nje ya nyumba likiziba, mwenye nyumba huwa na njia nne za kawaida: kumwaga dawa, kusukuma maji kwa presha, kuita fundi, au kushika fito na kuzibua mwenyewe. Nimezijaribu zote kwa nyakati tofauti. Tathmini hii inahusu njia ya nne, kwa sababu ndiyo ninayoiamini zaidi, na kwa sababu wauzaji wengi huisifu bila kueleza namna fito zenyewe zinavyofanya kazi.

Seti ninayoizungumzia ni ile ya kawaida: fito kumi za plastiki ngumu inayopindika, kila moja ikiwa na urefu wa karibu mita moja na hesi za chuma katika ncha zake ili ziungane moja baada ya nyingine, pamoja na vichwa vitatu vya kubadilisha. Kichwa cha kwanza ni skrubu ya waya mnene iliyosokotwa kama kizibuo cha chupa, cha pili ni sahani ya mpira yenye kipenyo cha milimita 100, na cha tatu ni kikwaruzo chembamba cha chuma. Seti haina injini wala haihitaji umeme, na vipande vyake vyote huonekana kwa macho, kiasi kwamba mnunuzi makini anaweza kuipima ubora akiwa bado dukani.

Cha kupimwa kwanza ni viungo. Ufito wenyewe hukatika mara chache sana. Kinachoharibika ni pale plastiki inapokutana na chuma. Katika seti nzuri, kifuko cha chuma huushika ufito kwa urefu wa kutosha na kufungwa kwa pini inayopita katikati yake, ilhali katika seti hafifu kifuko hicho hubanwa au kugandishwa kwa gundi tu, na baada ya kuzungushwa kwa nguvu mara kadhaa huanza kucheza. Shika ufito kwa mkono mmoja na kiungo kwa mkono mwingine, kisha jaribu kuvisokota kwa nguvu; ukihisi mchezo wowote, hata mdogo, iache seti hiyo. Pima pia wepesi wa kupinda. Ufito mgumu kupita kiasi haukubali kuingia kutoka mdomo wa chemba, yaani kishimo chenye mfuniko cha kukagulia bomba, hadi kwenye bomba lililo chini, nao ulio laini kupita kiasi hujikunja ndani ya bomba badala ya kupeleka msukumo mbele. Ukishika ncha zote mbili na kuupinda, unapaswa kupata upinde mpana bila plastiki kubadilika rangi na kuwa nyeupe, kisha urudi kunyooka wenyewe.

Hata seti bora kabisa haitakusaidia usipoanza kwa kusoma chemba. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi huanza kuingiza fito penye uvundo mkali zaidi, na huenda hapo si mahali pa kuanzia. Fungua mifuniko ya chemba zote ukianzia iliyo karibu na nyumba na kufuata mteremko. Chemba iliyojaa inaonyesha kwamba kizuizi kiko mbele yake, upande maji yanakoelekea. Chemba iliyo tupu, ilhali maji ya choo hayashuki, inaonyesha kwamba kizuizi kiko nyuma yake, upande wa nyumba. Kwa hiyo mahali chemba iliyojaa inapofuatwa na chemba tupu, kizuizi kiko katika kipande cha bomba kilicho kati ya hizo mbili, na huna haja ya kuhangaika kwingine. Iwapo zote zimejaa hadi ya mwisho, tatizo liko mbele ya mipaka ya nyumba au kwenye karo, yaani shimo la kukusanyia maji taka. Karo lililojaa linahitaji gari la kunyonya maji taka, na hakuna ufito utakaolitatua.

Ukishajua kipande chenye tatizo, unaweza kukishambulia kutoka upande wowote kati ya miwili. Mimi hupendelea kuanzia chemba tupu na kusukuma fito kuelekea juu, kwa kuwa mdomo wa bomba unaonekana wazi na skrubu hufika moja kwa moja kwenye kizuizi. Ubaya wake ni kwamba kizuizi kikiachia, maji yote yaliyokuwa yamezuiliwa hushuka kwa ghafla, hivyo ni lazima usimame kando ya chemba na kamwe usisimame ndani yake. Kwa sahani ya mpira hali ni kinyume: hiyo hufanya kazi vizuri zaidi kutoka upande uliojaa, kwa sababu uzito wa maji yaliyosimama husaidia msukumo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuchapishwa kwa herufi kubwa juu ya kila ufito. Fito huzungushwa upande mmoja tu, ule wa mishale ya saa, unapozisukuma na pia unapozivuta. Hesi zake hukaza upande huo na kulegea upande wa pili. Mtu anayezungusha kinyume, hata kwa nusu duara la kujaribu kunasua kichwa kilichokwama, anaweza kukifungua kiungo ambacho hakioni, kilicho mita kadhaa ndani ya bomba, na anapovuta akapata fito chache tu huku nyingine zikibaki humo pamoja na kichwa. Hapo kizuizi cha tope na mafuta kimekuwa kizuizi cha chuma na plastiki, na mara nyingi dawa yake ni kuchimba. Seti niliyonayo ilikuja na karatasi ya maelekezo yenye picha nzuri za rangi, lakini onyo hili limeandikwa kwa mstari mmoja mdogo upande wa nyuma. Huo ni upungufu mkubwa kwa kifaa kinachouzwa kwa watu wasio mafundi, na nampunguzia alama mtengenezaji kwa sababu hiyo. Zipo fito zenye viungo vya kujifunga kwa komeo ambavyo havifunguki vinapozungushwa kinyume. Kama unaweza kuzipata, zichague hizo.

Kati ya vichwa vitatu, skrubu ndiyo inayofanya kazi kubwa. Inapozungushwa huingia ndani ya kizuizi, hukishika, na unapovuta huja na kipande chake. Kwa vitambaa vyenye majimaji vya kufutia watoto, nepi, taulo za kike na matambara, sijaona kitu kinachoishinda. Vitu hivyo haviyeyuki kama karatasi laini ya chooni, hata vile ambavyo pakiti zake hudai vinaweza kutupwa chooni, na kuvisukuma mbele ni kuuhamisha mzigo tu hadi kona inayofuata. Skrubu huvirudisha kwako. Sahani ya mpira inafaa kwa tope laini, mchanga na mafuta ambayo bado hayajagandamana. Ipeleke mbele na nyuma kwa misukumo mifupi, ukitumia maji yaliyomo bombani kama pistoni, na usiitumie kwa nguvu pale unaposhuku kwamba bomba lina ufa. Kikwaruzo kimenivunja moyo. Katika bomba la plastiki lenye kipenyo cha milimita 110, ambalo mafundi wengi bado huliita la inchi nne, ni chembamba mno kugusa kuta zote, na chuma chake kinaweza kukwama kwenye maungio. Nimekitoa kwenye mfuko wangu.

Mafuta ya kupikia yanastahili maelezo ya peke yake, kwa kuwa ndiyo chanzo kinachosahaulika kwa urahisi. Humwagwa yakiwa moto na majimaji, hupoa yakiwa njiani, kisha hujipaka kwenye kuta za bomba na kuunasa uchafu mwingine kila siku hadi njia inabaki nyembamba. Skrubu ikipita katikati ya mafuta hayo hutoboa tundu, maji hushuka, na mwenye nyumba hudhani kazi imekwisha, ilhali kuta bado zimejaa. Hapa fito peke yake hazitoshi. Baada ya kutoboa, sahani ya mpira ipite mara nyingi, na baada yake maji mengi yamwagwe kwa mkupuo, ndoo baada ya ndoo. Mpira wa mashine ya presha wenye ncha ya kusafishia mabomba ni bora zaidi kwa hatua hii: matundu yake yaliyoelekezwa nyuma hurusha maji yanayosafisha kuta na wakati huohuo kuuvuta mpira wenyewe uende mbele. Hata hivyo ncha hiyo ni lazima iwe imeshaingia ndani ya bomba kabla ya mashine kuwashwa, na mpira utiwe alama karibu na mwisho wake ili unapouvuta ujue kuizima kabla ncha haijatoka na kukurushia maji taka usoni.

Kuhusu dawa, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wauzaji. Soda kali, yaani hidroksidi ya sodiamu, hubadilisha mafuta kuwa sabuni na hutoa joto inapoyeyuka, na kwa sinki la jikoni huweza kusaidia. Ila katika bomba la nje lenye mita kadhaa za maji yaliyosimama, dawa huchanganyika na maji hayo na kupoteza makali kabla haijakifikia kizuizi, kisha hubaki pale ikimsubiri atakayefungua mfuniko, pamoja na kila tone litakalotoka na fito. Huunguza ngozi, na inaweza kupofusha jicho. Ikikutana na asidi hutoa joto la ghafla na kuruka, na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini ikichanganywa na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Kwa hiyo kama dawa imeshamwagwa, usiingize fito siku hiyo, na fundi atakayekuja aambiwe wazi ni dawa gani iliyotumika. Maji yanayochemka nayo si rafiki wa mabomba ya plastiki ya kawaida, ambayo hulainika joto linapokaribia nyuzi 80 za Selsiasi.

Kazi hii ina hatari zake hata bila dawa. Vaa glavu ndefu za mpira, buti na miwani ya kukinga macho, na funika kila mkwaruzo, kwa kuwa mkojo wa panya waishio katika mifereji huweza kuambukiza leptospirosisi, inayojulikana pia kama homa ya mgunda, kupitia ngozi iliyochanika. Usiingie ndani ya chemba wala usiinamishe kichwa ndani yake. Gesi yenye harufu ya mayai yaliyooza, salfaidi ya hidrojeni, ni nzito kuliko hewa na hutuama chini, na ikiwa nyingi huua uwezo wa pua kuinusa, hivyo kukosa harufu si ushahidi wa usalama. Watoto wakae mbali muda wote mfuniko ukiwa wazi.

Kabla ya kizuizi kuachia, weka reki au kipande cha wavu mgumu kwenye njia ya kutokea ya chemba ya chini, ili kinachoshuka kinaswe na kutolewa badala ya kwenda kuziba mbele. Ukimaliza, osha fito kwa maji mengi, zitie dawa ya kuua vijidudu, zikaushe, kisha paka grisi kidogo kwenye hesi. Hesi iliyoota kutu hukupa hisia kwamba imekaza kumbe imeshika nusu tu, na hilo ndilo linaloacha fito bombani.

Kuna mahali ambapo kifaa hiki hakifai kabisa. Hakiingii katika mabomba membamba ya sinki na bafu. Hayo yanahitaji springi, yaani waya mrefu uliosokotwa unaopinda kwa urahisi. Hakipiti vizuri kwenye kona kali za nyuzi 90, wala kwenye ile kona iliyojikunja chini ya wavu wa nje, inayobaki na maji ili kuzuia harufu. Huko tope hutolewa kwa mkono wenye glavu au kwa upawa. Mizizi ya miti ni suala jingine: skrubu hung'oa nyuzi laini, lakini mizizi iliyokwishapata njia ya kuingilia kwenye ungio hurudi, na bomba hilo linahitaji kukarabatiwa.

Chunguza pia kila kinachorudi na skrubu. Ukiona udongo mkavu, kokoto au vigae vya bomba, acha hapohapo, kwa maana bomba limevunjika au limedidimia, na kila msukumo unalizidishia jeraha. Vivyo hivyo kama sehemu ileile inaziba tena na tena bila sababu ya wazi. Mwite fundi mwenye kamera ya mabomba, na umpe taarifa ambayo fito zimekwisha kukupatia: idadi ya fito zilizokuwa ndani ya bomba kichwa kilipogonga, ikizidishwa kwa urefu wa ufito mmoja, ndiyo umbali wa tatizo kutoka kwenye chemba uliyosimama, na hapo ndipo pa kuanza kutazama kabla mtu yeyote hajashika sururu.