Taizé: juma moja kwa wanaotafuta imani

Kama imani yako bado ina maswali mengi, nenda Taizé, kijiji kidogo cha Burgundy, Ufaransa. Bruda Roger alifika hapo mwaka 1940, na jumuiya aliyoianzisha ina mabruda Wakatoliki na Waprotestanti wanaoishi pamoja.

Wageni wengi hukaa Jumapili hadi Jumapili. Mara tatu kwa siku kengele zinalia, kazi zinasimama, watu wanaingia kanisani. Mnaketi sakafuni, mnaimba mstari mmoja mfupi tena na tena, kisha kimya kirefu. Kwangu mimi niliyelelewa kwenye ibada za kipaza sauti, kimya kile kilinipa nafasi ya kumwambia Mungu wazi kwamba bado namtafuta, na uzee huu. Baada ya sala ya jioni mabruda hubaki kuwasikiliza wenye dukuduku. Niliyezungumza naye hakunihubiria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasali nami.

Chakula ni cha kawaida, kijiko ndicho pekee mezani, chai mnanywea bakuli. Kazi za usafi mnagawana. Anayetaka starehe hapatamfaa. Binti yangu akimaliza kidato cha nne, nitakwenda naye.