Uzoefu wangu wa kusafishwa fizi kwa kina jijini Mwanza, nikiwa mgonjwa wa kisukari

Huduma ninayoieleza hapa ni kusafishwa mizizi ya meno chini ya fizi, ambayo ni tofauti kabisa na kung'arishwa meno. Niliipata mwaka huu katika kliniki moja ya kinywa na meno hapa Mwanza, kwa miadi miwili iliyoachana kwa wiki moja, na nililipa shilingi 180,000 kutoka mfukoni kwa sababu bima yangu haikuikubali.

Nina kisukari cha aina ya pili kwa mwaka wa sita sasa. Katika muda wote huo nimehudhuria kliniki bila kukosa, nikapimwa sukari, shinikizo la damu, uzito, macho na miguu, lakini hakuna aliyewahi kuniambia nifungue kinywa. Fizi zilitoka damu kila nilipopiga mswaki, nami nikaona ndiyo hali yangu. Mara mbili nilikwenda mahali pengine kusafishwa; kazi ilichukua dakika ishirini, meno yakawa meupe, na kabla mwezi haujaisha damu ikarudi. Jambo hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu nilikuwa nikitafuta msaada na sikupimwa fizi hata mara moja.

Safari hii daktari alianza kwa kupima. Alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita, akakiingiza taratibu kati ya ufizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, huku akimtajia muuguzi tarakimu za kuandika: tatu, tatu, nne, tano, saba. Ufizi wenye afya hushikamana na jino kiasi kwamba kijiti huingia milimita 1 hadi 3 tu. Kuanzia 4 kwenda juu, pale pana mfuko unaohifadhi vijidudu, na mswaki haufiki. Kwenye magego yangu ya chini upande wa kulia tarakimu ilikuwa 7. Alinipa kioo nitazame damu iliyojichuruza pale alipogusa, akasema, "Mama, hiki ni kidonda. Kingekuwa mguuni usingelala nacho hata usiku mmoja."

Neno hilo lilinifanya nielewe kile ambacho vipeperushi vingi vya kisukari havikunielewesha. Mwili unapopambana muda mrefu na vijidudu vilivyojificha chini ya fizi, hutoa kemikali za uvimbe ambazo haziishii kinywani. Huingia kwenye damu, na baadhi yake huzuia insulini kufanya kazi yake sawasawa, hivyo sukari hupanda. Sukari ikipanda, nayo hudhoofisha kinga na uponaji wa fizi, kwa hiyo kila ugonjwa huukuza mwenzake. Si habari mpya: mwaka 1993 mtaalamu wa meno Harald Löe aliandika kwamba ugonjwa wa fizi uhesabiwe kuwa tatizo la sita litokanalo na kisukari, pamoja na yale ya macho, figo, neva na mishipa ya damu.

Miadi yenyewe ilikuwa ya saa moja na nusu kila mmoja, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto. Sindano ya ganzi ilichoma kidogo, na baada ya hapo nilihisi mtetemo na maji tu, kisha mkwaruzo wa vyuma vya mkono kwenye mizizi. Daktari alinionyesha alichokitoa, akakiweka juu ya kitambaa cheupe: vipande vya ugaga vyeusi, vigumu, mithili ya changarawe za ufukweni. Vile vya juu ya ufizi, vinavyoonekana na watu, huwa vya manjano; hivi vyeusi ndivyo vilivyoachwa mara mbili nyuma.

Kasoro ipo. Hawakunionya kwamba fizi zikinywea baada ya uvimbe kuondoka, mizizi hubaki wazi. Wiki tatu nzima sikuweza kunywa maji ya baridi, na mianya kati ya meno imeonekana zaidi ya zamani. Ningeambiwa mapema nisingepata hofu niliyoipata.

Miezi mitatu baadaye kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilishuka kutoka asilimia 8.9 hadi 8.3. Dawa hazikubadilishwa. Sidai kwamba fizi peke yake ndizo zilizofanya kazi hiyo, maana nilipunguza ugali na soda pia, lakini uchambuzi wa tafiti uliotolewa mwaka 2022 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, ulionyesha kwamba matibabu ya fizi kwa wagonjwa wa kisukari hushusha kipimo hicho kwa wastani wa pointi 0.43 za asilimia katika miezi 3 hadi 4. Nilimpenda daktari huyu kwa kutotia chumvi. Nilipomuuliza kuhusu moyo, alisema watu wenye ugonjwa wa fizi hupata zaidi maradhi ya moyo, ila haijathibitika kwamba kutibu fizi kunazuia mshtuko wa moyo. Hata Chama cha Moyo cha Marekani kilisema hivyo mwaka 2012. Sigara, umri na kisukari chenyewe huchangia yote mawili.

Kwa mwenye kisukari anayesoma haya: ukifika kliniki yoyote ya meno, omba upimwe mifuko ya fizi na uandikiwe tarakimu zako kabla ya kulipia usafi wowote. Viburashi vidogo vya kupitisha kati ya meno nilivitafuta kuanzia Kirumba hadi mjini, nikavipata kwenye duka la dawa la nne. Uzi wa meno ni rahisi zaidi kuupata, ingawa kwenye mianya mipana kama yangu haushiki vizuri.

Kwenye kipimo cha marudio, mifuko mingi ilikuwa imerudi kwenye 3, na ule wa 7 umefikia 5. Damu imekoma isipokuwa kwenye gego hilo moja, ambalo daktari atalisafisha tena nitakaporudi baada ya miezi mitatu.